Mizunguko Miwili, Basi

Bwana Lumb alipofika Skelgarth mwezi ule wa Februari, gari lake lilikwama kwenye theluji mbele ya kanisa, ikabidi mimi na Bi Tamar Kearton tulisukume. Tulilisukuma hadi mlangoni kwa Bi Tamar. Bwana Lumb akashuka na viatu vyake vya mjini, akatushukuru vizuri tu, akaingia jikoni, akanywa chai yetu, kisha akatuambia kazi yetu haifai.

Mimi ni Dinah Sunter. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mume wangu Wilf alikuwa amesimamishwa kazi kwenye machimbo ya mawe tangu Novemba, na kilichotulisha sisi na binti zetu wawili ni vidole vyangu. Mimi na Bi Tamar tulikuwa tukifunga nzi. Nasema nzi wa kuvulia trauti, samaki wa mito yetu: ndoana ndogo kama ukucha wa mtoto, unaivika uzi wa hariri mgongoni na unyoya laini wa ndege shingoni, ili ikiingia mtoni samaki aone mdudu anayehangaika kwenye maji. Bwana Lumb alikuwa na duka la zana za uvuvi kule Leeds, na nzi wetu wote walikwenda kwake kwa posta, kila Ijumaa.

Bi Tamar ndiye aliyenifundisha, naye alifundishwa na baba yake, mzee Kit, mchimba madini ya risasi aliyekufa mapafu yamejaa vumbi. Bi Tamar alikuwa na miaka hamsini na tisa, mrefu, mkavu, na ulimi ambao hata mchungaji wetu aliuogopa. Hakuwahi kuolewa. Wanaume wawili walijaribu. Aliwauliza maswali, wakaondoka.

Tulikuwa tukikaa dirishani kwake kuanzia saa nne asubuhi hadi mwanga unapoanza kuchakaa, kwa maana rangi ya hariri hudanganya kwenye taa. Bi Tamar hakutumia chombo chochote. Ndoana aliishika kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukazungusha uzi uliopakwa nta ya fundi viatu. Mwili wa nzi uishie kabla ndoana haijaanza kupinda. Juu ya hariri, manyoya ya fuko kidogo mno, mpaka rangi ya uzi ionekane chini yake. Kisha unyoya, wa kwale au wa kuku-maji. Mizunguko miwili. Funga. Kata. Nikithubutu kuongeza wa tatu, aliichukua ndoana mkononi mwangu, akaufumua, akanirudishia.

Basi Bwana Lumb aliweka kadi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya kwetu, nzi kumi na wawili wameshikizwa safu mbili, na juu yake chapa ya bluu yenye jina la bonde letu: *Nzi wa Swaledale, kazi ya mkono wa T. Kearton*. Ya pili ilitoka kiwandani. Nzi wake walikuwa wanene, wana utepe wa dhahabu, na shingoni manyoya magumu ya jogoo yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa.

"Tazameni," alisema. "Mteja anaingia dukani, anaona hizi mbili kwenye kioo. Bei moja. Mnadhani anachukua ipi?"

"Kama ana akili?" Bi Tamar aliuliza.

"Ana pochi, Bi Kearton. Hilo linanitosha. Anaitazama kadi yenu ananiuliza, 'Mengine yako wapi?' Anadhani nimempunja. Ninachotaka ni kidogo tu. Mizunguko mitano badala ya miwili. Mwili ujae. Utepe nimewaletea, huu hapa. Na jogoo, si kwale; kwale analegea."

"Analegea kwa sababu ndani ya maji lazima alegee. Mdudu ana miguu, bwana, hana misumari."

"Mimi simwuzii samaki. Samaki haji dukani."

"Na huyo anayekuja dukani," Bi Tamar alisema, "ndiye atakayeingia mtoni kuuma ndoana?"

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Bwana Lumb naye alitabasamu. Si mtu mbaya, ngoja niseme hivyo tangu sasa, maana watu wakisikia habari hii humfanya shetani. Alikuwa mfanyabiashara aliyechoka, mwenye duka kwenye mtaa wenye maduka matatu kama lake. Alifungua mkoba akatoa jiliwa mbili ndogo za chuma, zile za kubana ndoana pembeni mwa meza ili mikono yote miwili ibaki huru.

"Na hizi ni zawadi. Mtafanya kazi mara mbili kwa siku."

Bi Tamar aliisukuma yake ikarudi upande wa pili wa meza. Mimi yangu niliishika. Ilikuwa nzito, baridi, nzuri.

"Kifurushi cha Ijumaa," alisema Bwana Lumb akivaa kofia, "kiwe cha namna mpya."

"Cha Ijumaa kitakuwa cha Ijumaa," alijibu Bi Tamar.

Tulilisukuma tena gari lake mpaka barabarani.

Ijumaa Bi Tamar alituma nzi wake kama alivyowatuma miaka yote, mizunguko miwili, utepe hakuna. Nilimwona akifunga kamba ya kifurushi kwa meno. Mimi nilituma wa kwangu wa namna mpya, na sikumwambia. Nilijisemea nitamwambia Jumapili baada ya ibada. Jumapili ikaja, nikasema nitamwambia Jumatatu.

Kisha akapata barua. Bwana Lumb alimwandikia mistari miwili: kifurushi kimefika, ahsante, malipo ni haya. Basi. Bi Tamar alinisomea barua ile mara mbili dirishani, uso umemng'aa kama msichana.

"Unaona, Dinah? Wanaume wa namna ile unawasimamia tu. Anabweka, unamtazama, anakaa."

Nilisema ndiyo, Bi Tamar. Wakati huo kifurushi chake kile cha Ijumaa kilikuwa nyumbani kwangu, chini ya kitanda. Kililetwa asubuhi hiyohiyo na posta ileile iliyomletea barua, na ndani Bwana Lumb ameniandikia: *Tafadhali wakamilishe hawa. Mitatu ya jogoo mbele ya fundo lake, na utepe. Nitakulipa nusu ya bei ya nzi mzima kwa kila mmoja. Haina haja ya kumsumbua Bi Kearton.*

Mtu aliyeshiba aniambie angefanya nini. Mimi najua nilichofanya. Niliifunga jiliwa mezani kwangu, nikawapachika nzi wa Bi Tamar mmoja mmoja, nikawavika. Mbele ya fundo lake dogo, safi, lililofungwa kwa macho ya miaka hamsini, niliweka jogoo mwekundu, mizunguko mitatu, nikavuta utepe wa dhahabu juu ya tumbo. Walitoka wanene wanaong'aa. Wilf alimchukua mmoja akamtazama kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu anafanana na mke wa meya," alisema.

"Nyamaza."

"Sisemi kitu. Nasema amependeza."

Niliwakamilisha wa wiki hiyo, na wa wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mchana nakaa dirishani kwa Bi Tamar nikifunga miwili miwili. Saa kumi nikirudi nyumbani, nakaa kwenye jiliwa nikimharibia. Hakuna siku aliyonitendea wema kama siku hizo. Aliniletea jibini. Aliniletea mikate ya shayiri kwa ajili ya wasichana. Alisema mkono wangu umeanza kutulia.

Ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya Machi. Alikuja na soksi alizomfumia binti yangu Hetty, na kwetu watu hawabishi hodi kwa jirani, wanasukuma mlango wanaingia. Aliingia. Nilikuwa nimeinama juu ya jiliwa, na kando yangu kwenye sahani wamelala nzi wake, wembamba, wanangoja.

Aliweka soksi juu ya kiti. Akamchukua mmoja kwenye sahani, akamsogeza karibu na jicho.

"Huu ni mkono wangu," alisema.

"Bi Tamar—"

"Ngoja. Huu ni mkono wangu." Akamchukua mwingine, aliyekamilika, akamgeuza. "Na huyu ni mkono wangu pia. Nani ameuvika koti?"

Nilimwambia. Sikuficha barua, nilimpa akaisoma. Nilimwambia habari za Wilf, za makaa yaliyokwisha, za viatu vya wasichana. Nilikuwa nalia, na nilijichukia kwa kulia, kwa sababu machozi yalifanana na ombi.

Bi Tamar hakuniangalia. Alikuwa akiangalia rundo la kadi tupu nilizoletewa, mezani, zile zenye chapa ya bluu. Alinyanyua moja.

"Zinawekwa kwenye hizi?"

"Ndiyo."

"Zenye jina langu."

"Ndiyo, Bi Tamar."

Hapo ndipo nilipoona uso wake unabadilika. Manyoya yalikuwa yamemuudhi, lakini jina lilimwingia mahali pengine kabisa. Lilikuwa jina la mzee Kit. T. Kearton, K. Kearton, watu wa mto wetu walilisoma kuwa kitu kimoja.

"Basi la Jumamosi kwenda Richmond linaondoka saa ngapi siku hizi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili na nusu. Bi Tamar, unakwenda wapi?"

"Dukani," alisema. "Mimi pia nina pochi."

Wilf aliniambia nisiende. Tuligombana jikoni mpaka wasichana wakatoka nje kwenye baridi. "Lumb atakukatia kazi," alisema, "halafu tule nini, fahari ya mwanamke mzee?" Alisema kweli, na mpaka leo nasema alisema kweli. Lakini Jumamosi niliamka, nikatia jiliwa kwenye kikapu, nikavaa kofia ya kanisani, nikamkuta Bi Tamar kituoni. Hakunisalimu wala hakunifukuza. Tulikaa viti viwili tofauti ndani ya basi, na kutoka Richmond tukapanda treni, tukabadilisha, tukapanda nyingine, hakunipa neno hata moja hadi Leeds. Tulipotoka stesheni alisimama katikati ya moshi na watu, na nikatambua kwamba hajui njia.

"Kushoto," nilisema.

"Najua," alisema, akageuka kushoto.

Msimu wa trauti ulikuwa unafunguliwa wiki ileile. Duka lilijaa. Wanaume wa benki, wanaume wa viwanda vya sufu, daktari mmoja mwenye mbwa, wote wamejipanga mbele ya kioo wakichagua. Bwana Lumb alikuwa nyuma ya kaunta amevaa koti jeupe kama mfamasia. Alipomwona Bi Tamar akiingia, na mimi nyuma yake, mkono wake ulisimama hewani na fimbo ya kuvulia ndani yake.

Bi Tamar alipanga foleni. Sitasahau hilo. Alisubiri zamu yake kama mteja mwingine yeyote, mikono imeshika mkoba, kichwa chake juu ya kofia za wanaume wengi. Alipofika mbele alisema, "Nataka kadi sita za nzi wa Kearton."

"Bi Kearton," Bwana Lumb alisema kwa sauti ya chini, "tuingie ofisini tuzungumze."

"Nimekuja kununua. Huniuzii?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Aliuza. Afanye nini? Bi Tamar alilipa, akaomba stakabadhi, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akavua glovu, akatoa mkasi wake mdogo na sindano, akamng'oa nzi wa kwanza kutoka kwenye kadi, akamshika kwa vidole vya kushoto. Palepale juu ya kaunta ya Bwana Lumb, akaanza kumvua nguo.

Aliukata uzi wangu mbele, akauchomoa kwa ncha ya sindano. Manyoya ya jogoo yakafumuka, yakaanguka kwenye kioo. Akavuta utepe. Ukatoka mzima, kama uzi wa nguo mbovu. Alichobaki nacho kilikuwa kidogo, cheusi cheusi, chepesi. Akamweka chini, akamchukua wa pili.

"Huyo mama anafanya nini?" mtu aliuliza.

"Mama anafumua kazi aliyofanyiwa bila ruhusa," Bi Tamar alisema bila kuinua macho. "Mimi ndiye T. Kearton. Hivi ndivyo ninavyofunga. Haya mengine si yangu."

Daktari mwenye mbwa alisogea. Aliinua mmoja wa waliovuliwa, akatikisa kichwa. "Samahani, mama, lakini huyu hana kitu. Mimi ningemchukua yule mnene."

Watu wakacheka. Na mimi niliyekuwa nimesimama pale nilitegemea atamkata daktari kwa ulimi wake vipande vipande. Hakufanya hivyo.

"Mchukue," alisema. "Mchukue mnene, uvue naye, ukipata samaki Mungu akubariki. Bwana Lumb ana haki ya kuuza wanene, ana haki ya kuuza wenye kengele na taji. Ila jina langu lisiwe juu yao. Hilo tu ndilo nililolifuata huku."

"Lakini kadi zimeshachapwa," Bwana Lumb alisema. "Elfu mbili!"

"Basi una kazi ya kufanya. Mimi nitaanza na sita." Akachukua kalamu iliyokuwa imefungwa kwa kamba kwenye kaunta, akalifuta jina lake kwenye kadi ya kwanza, mstari mmoja mzito.

Bwana Lumb alimtuma msaidizi wake nje, akarudi na polisi, kijana mwekundu aliyekuwa hajui mikono yake aiweke wapi. Aliuliza nini kinaharibiwa. Bwana Lumb akaonyesha kaunta. Bi Tamar akafungua mkoba, akatoa stakabadhi, akampa.

Polisi aliisoma taratibu. "Hizi ni zake, bwana. Amezilipia."

"Anafukuza wateja wangu!"

Polisi aliwatazama wateja. Hakuna aliyekuwa ametoka. Kusema kweli walikuwa wameongezeka, wengine walikuwa wakichungulia kutoka mlangoni.

"Mama," polisi alisema, "utachukua muda gani?"

"Wamebaki hamsini na moja," Bi Tamar alisema. "Lete kiti kama unataka kukaa."

Hapo Bwana Lumb alinigeukia mimi. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Dinah, wewe una akili. Mwambie. Wewe una watoto. Mwambie aje ofisini, tutaelewana, nawe kazi yako ipo, itaongezeka hata. Mwambie, tafadhali."

Alikuwa ananionea huruma, nadhani. Kweli kabisa. Na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma, zaidi ya kama angenitukana. Niliingiza mkono kikapuni, nikatoa jiliwa, nikaiweka juu ya kaunta. Ilitua kwa kishindo hadi kioo kikalia.

"Chuma chako hicho, Bwana Lumb," nilisema. "Na walioharibiwa ni mimi niliyewaharibu, jamani, sikieni wote. Mimi Dinah Sunter. Aliniambia niwafanye kwa siri na mimi nikafanya. Sifanyi tena."

Mbwa wa daktari akapiga chafya.

Bi Tamar hakunitazama. Alisukuma kadi tatu upande wangu wa kaunta, akachomoa sindano ya pili kwenye ukosi wa koti lake.

"Usikate fundo langu," alisema. "Kata la kwako."

Tulisimama pale karibu saa mbili. Watu walikuja, walitazama, waliuliza. Wengine walitucheka waziwazi, na bwana mmoja mnene wa kiwanda alisema wanawake wangebaki na kazi yao ya kufuma soksi. Bi Tamar akamwuliza soksi alizovaa yeye zilifumwa na nani. Mzee mmoja mwenye koti lililochakaa, mtu wa kando ya mto Nidd kwa lafudhi yake, alisimama muda mrefu akitazama sindano zetu. Mwisho aliomba auziwe wale waliofumuliwa. Bi Tamar akamwambia hauzi dukani kwa mtu mwingine, hiyo si heshima. Ampe anwani, atamfungia wapya. Mzee akaandika kwenye kipande cha gazeti.

Tulipomaliza, tulifagia manyoya ya jogoo kwa viganja, tukayaacha kwenye lundo moja dogo karibu na jiliwa. Kadi sita, jina limefutwa mara sita. Bi Tamar akavaa glovu.

"Siku njema, Bwana Lumb. Kuanzia leo usiniandikie."

Ndani ya treni alikaa mbele yangu. Nilidhani sasa tutazungumza. Alifungua mkate na jibini, akakata katikati, akanipa nusu, akaangalia dirishani. Tulipokaribia Richmond ndipo aliposema.

"Kama wasichana wangelala njaa kesho, ungewafunga tena?"

Nilifikiria kumdanganya. "Ningewafunga," nilisema.

"Najua." Akapangusa makombo kwenye sketi. "Ungekuja kuniambia mimi kwanza, mpumbavu wewe. Nina mbuzi. Nina makaa. Ulidhani nimekaa peke yangu na makaa yote yale nayatazama?"

Aliendelea kuangalia nje, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Sasa nieleze mambo yalivyokuwa, maana wanaosimulia habari hii kwenye baa ya King's Arms huishia pale dukani, kana kwamba baada ya hapo tulikula asali. Hatukula asali. Bwana Lumb alinikatia kazi, kama Wilf alivyosema. Bi Tamar alipoteza mnunuzi wake pekee wa miaka ishirini na miwili. Jina lilitoka kwenye kadi, ndiyo; mwezi Mei mtu alituletea moja mpya, imeandikwa *Nzi wa Swaledale* tu, na chini yake nzi wanene kama makuhani. Waliuzwa vizuri sana. Daktari yule, nilisikia, alivua nao trauti wa ratili mbili, akampiga picha.

Sisi tulibaki na anwani moja kwenye kipande cha gazeti. Mzee wa Nidd aliagiza dazeni tatu. Aliwaambia wawili wenziwe, nao wakaagiza. Bi Tamar alipaka rangi kibao akakitundika dirishani: NZI. MIZUNGUKO MIWILI. ASIYETAKA APITE. Mchungaji alimshauri apunguze ukali wa yale maneno ya mwisho. Alikipaka upya kwa herufi kubwa zaidi. Wapita njia walisimama kusoma, na baadhi hawakupita. Majira ya kiangazi tulikula viazi, mayai na maziwa ya mbuzi wake, na viatu vya Hetty tuliviziba kwa ngozi ya tandiko la farasi. Wilf hakuzungumza na Bi Tamar tangu Machi hadi Novemba. Akipishana naye njiani aliangalia ukuta. Bi Tamar alimsalimia kila mara, kwa jina lake kamili, kwa sauti kubwa, ili amkere.

Agosti ilikuja barua kutoka Leeds. Kulikuwa na wateja, Bwana Lumb aliandika, wachache lakini wakubwa, waliokuwa wakiuliza kuhusu wale wembamba. Angependa kuwaweka kwenye sanduku maalumu, bei ya juu, na jina la Kearton lirudi kwa herufi za dhahabu. Bi Tamar alinipa nimsomee, kwa sababu alikuwa na uzi mdomoni.

"Unasemaje?" nilimwuliza.

Alifunga fundo, akakata. "Mwandikie aje akae kwenye kiti hicho, afunge mmoja kwa vidole vyake mwenyewe. Akimaliza tutazungumza."

"Hatakuja."

"Basi."

Niliandika hivyohivyo. Hakuja, na hakujibu.

Machimbo yalimrudisha Wilf kazini mwezi Novemba, siku tatu kwa wiki. Jumamosi moja, theluji ya kwanza imeshika vilimani, tulikuwa dirishani tukifunga oda ya wazee wa Nidd mlango ulipofunguliwa. Wilf alisimama kizingitini, kofia mkono mmoja, mkono mwingine ameuficha nyuma ya mgongo kama anayekuja kuchumbia.

"Ingia au toka," Bi Tamar alisema. "Baridi hiyo sisi hatujaiagiza."

Akaingia. Akautoa mkono. Alikuwa ameshika kuku-maji aliyekufa, miguu ya kijani ikining'inia, maji yakidondoka sakafuni.

"Nilimpata kwenye bwawa la kinu," alisema akiangalia chini. "Nilidhani... manyoya."

Bi Tamar alisimama, akamchukua ndege, akamkunjua bawa kwenye mwanga. Alipuliza manyoya ya chini, akayatazama, akalifunga bawa, akamrudishia.

"Wa mwaka huu huyu, Wilfred Sunter. Ni mtoto. Manyoya yake ni mepesi mno, yatavunjika. Nataka aliyekomaa, na nataka bawa lake halijaloa kama nguo za kufua."

Wilf alimtazama. Niliona taya lake likikaza, nikaweka uzi chini.

"Nimekaa majini mpaka kiunoni kwa ajili ya huyo," alisema.

"Naona. Suruali yako inanilowanishia zulia. Chai ipo kwenye birika, kunywa kwanza, kisha urudi."

Alikunywa amesimama, bila kusema ahsante, macho kwenye kibao cha dirishani. Akakiweka kikombe mezani. Akavaa kofia.

"Aliyekomaa," alisema.

"Aliyekomaa."

Tulimwona kupitia kioo akishuka kuelekea bwawani, mabega yamepanda, akiongea peke yake kwa hasira. Bi Tamar akakaa, akavuta uzi kwenye nta, akaniuliza nimefika nzi wa ngapi.